Mwongozo Kamili: Kuchagua Kamera ya Bei Nafuu kwa Ajili ya Tangi la Samaki la Nyumbani

Samaki nyuma ya kioo ni mgumu kupiga picha kuliko mtoto anayekimbia uwanjani. Mtoto yuko juani, samaki yuko chini ya taa inayong'aa machoni petu lakini ni hafifu kwa kamera. Juu ya hapo anatembea bila kutua, na kati yake na lenzi kuna kioo kinachorudisha sura ya sebule nzima. Kamera ya tangi huchaguliwa kwa namna inavyomudu mambo hayo matatu: mwanga haba, mwendo na kioo. Wingi wa megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, uko mbali sana nyuma.

Megapikseli 12 hutoa picha ya kuchapwa inchi 12 kwa 8 bila kuonyesha chenga, na ukiiweka kwenye skrini ya simu utatumia sehemu ndogo tu ya hizo. Kwa hiyo muuzaji akianza kwa kukuhesabia megapikseli, msikilize kwa adabu kisha uulize maswali yaliyo hapa chini.

Pima samaki kabla ya kupima mfuko

Chukua rula. Andika urefu wa samaki mdogo kuliko wote unaotaka kumpiga, kisha zidisha kwa moja na nusu. Hicho ndicho kipande cha dunia ambacho kamera yako lazima iweze kukijaza kwenye picha.

Tuchukue samaki wa maziwa yetu, kwa sababu wanafugwa duniani kote na tofauti zao za umbo ni kubwa. Labidochromis caeruleus, yule wa njano wa Ziwa Nyasa, akifika sentimita 10 anahitaji picha yenye upana wa sentimita 15. Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, anayeishi ndani ya makombe ya konokono, ana sentimita 4 hivi. Anahitaji upana wa sentimita 6. Cyphotilapia mwenye nundu kichwani huweza kufika sentimita 30, na huyo hata lenzi ya kawaida kabisa inamtosha. Mtu mwenye Cyphotilapia na mtu mwenye multifasciatus hawanunui lenzi moja.

Pima pia kina cha tangi kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, na urefu wake kutoka sakafuni. Tangi lililo chini, juu ya meza fupi, litakulazimu kupiga magoti kila mara. Hapo kamera yenye skrini inayokunjuka inakuwa na maana kubwa.

Jaribu simu kwanza, lakini kwa haki

Usinunue kitu kabla ya kujua simu yako inaishia wapi. Zima taa zote za chumba, acha ya tangi peke yake. Tumia lenzi kuu ya simu, si ile pana wala ile ya kuvuta. Ifungue kwenye hali ya Pro, weka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) iwe sekunde 1/125, kisha pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka picha ing'ae vya kutosha. Gusanisha simu na kioo, ikitazama moja kwa moja mbele.

Viumbe wanaotulia, kama samaki beta, konokono na kamba wadogo, hutoka vizuri kabisa namna hii, na mtu wa namna hiyo hana haja ya kamera. Ukiona samaki ni ukungu wenye rangi, au ngozi yake imekuwa kama rangi ya maji iliyopakwa kwa brashi, simu imefika mwisho wake. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, na programu yake inafuta chenga pamoja na magamba.

Mambo manne yasiyo na mjadala

Kwanza, hali ya M, ambapo unapanga mwenyewe kasi ya shata, tundu la lenzi na ISO. Kamera ikiachiwa uamuzi mbele ya tangi, itaona mandharinyuma meusi, itadhani mahali ni giza, na itapunguza kasi hadi 1/30. Samaki ataondoka na picha.

Pili, iwe inafyatua papo hapo. Kamera nyingi ndogo za mfukoni za zamani huchelewa kati ya kidole na picha, na katika ucheleweshaji huo samaki amekwisha geuka akakuonyesha mkia. Huu ndio ugonjwa unaowafanya watu wachukie kamera ndogo, na hauandikwi popote kwenye boksi.

Tatu, iwe na mahali pa kuwasiliana na flashi ya nje: kile kibao cha chuma juu ya kamera. Kitazame vizuri. Katikati yake pawe na kiduara cha chuma. Canon 250D, kwa mfano, ni kamera nzuri iliyotolewa bila kiduara hicho, na triga (vifaa vya kufyatua flashi kwa mbali) za bei rahisi zinazotegemea mguso huo mmoja hazifyatui kitu juu yake.

Nne, ihifadhi picha za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata. Taa za tangi zina rangi za ajabu, buluu iliyozidi au waridi, na faili ya JPEG haikuachii nafasi ya kurekebisha bila kuharibu.

Aina ipi

Kwa fedha kidogo, jibu ni DSLR (kamera yenye kioo cha ndani na lenzi ya kubadilisha) iliyotumika, yenye sensa ya ukubwa uitwao APS-C. Sensa hiyo ni kubwa takriban mara 12 kwa eneo kuliko ile ya kamera nyingi ndogo na zile za zumu ndefu zenye sensa ya inchi 1/2.3. Eneo kubwa linakusanya mwanga mwingi, na mwanga ndio tunaoukosa.

Kati ya zilizokwisha shuka bei, Nikon D90 ya mwaka 2008 bado inafaa: megapikseli 12, picha 4.5 kwa sekunde, na ina mota ya fokasi ndani ya bodi (mwili wa kamera bila lenzi), hivyo inakubali lenzi za zamani za bei ya chini. D7000 ya 2010 ni dada yake mwenye nguvu zaidi gizani. D3200 ya 2012 ina megapikseli 24 na ni nyepesi, lakini haina mota. Ukiinunulia lenzi, hakikisha imeandikwa AF-S, yaani ina mota yake yenyewe, la sivyo utazungusha fokasi kwa mkono. Upande wa Canon, 600D ya 2011 ina skrini inayokunjuka na ndiyo chaguo letu la kwanza kwa tangi lililo chini. 70D ya 2013 inagharimu zaidi, ila fokasi yake kwenye skrini ni ya haraka. Kwenye 600D na D90 fokasi ya skrini inasuasua, kwa hiyo weka jicho kwenye kitundu cha kutazamia.

Kamera zisizo na kioo cha ndani, kama Sony A6000 ya 2014, ni bora kwa kasi. Shida yake ni lenzi: za mtumba ni chache kwetu na bei zake hazishuki haraka. Kwa anayetaka kitu cha mfukoni, Sony RX100 ya kwanza ya 2012 ina sensa ya inchi 1 na hupiga RAW, lakini haina mahali pa flashi ya nje. Inunue ukijua utategemea taa ya tangi peke yake.

Gawa fedha hivi: bodi isizidi nusu. Nusu iliyobaki ni ya lenzi, flashi na betri ya pili. Watu wengi humaliza zote kwenye bodi mpya, kisha wanashangaa kwa nini picha hazijabadilika.

Lenzi: hapa ndipo wengi hupotea

Ushauri unaosikika kila mahali ni kununua 50mm f/1.8 (mm ni urefu wa fokasi, namba kubwa huvuta zaidi; f/ ni tundu la lenzi, namba ndogo ni tundu kubwa). Kwa picha za harusi, sawa. Kwa samaki, tazama kwanza hesabu. Canon EF 50mm f/1.8 II haiwezi kusogea karibu zaidi ya sentimita 45 kutoka kwenye sensa, na hapo picha ina upana wa sentimita 15 hivi. Lenzi ya kawaida ya 18-55mm inayokuja na kamera, ile yenye IS (kituliza mtikisiko), husogea hadi sentimita 25, na kwenye 55mm inajaza picha kwa upana wa sentimita 6 na nusu hivi. Yaani ile lenzi inayodharauliwa inamfikia samaki mdogo kuliko ile inayosifiwa. Toleo la STM la 50mm lilipunguza pengo hilo, linasogea hadi sentimita 35, lakini bado halifiki kwenye upana wa 18-55mm.

Kwa hiyo anza na 18-55mm. Ukiwa na flashi, udogo wa tundu lake si tatizo tena. Kwa samaki wa chini ya sentimita 3, kamba au macho ya samaki peke yake, weka akiba ya lenzi ya makro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu: Nikon 40mm f/2.8G au Canon EF-S 60mm f/2.8. Hizo hufika kipimo cha moja kwa moja, kitu cha milimita 22 kinajaza picha nzima. Kati ya mbili hizo, 60mm inakupa nafasi zaidi kati ya lenzi na kioo, 40mm inakubana.

Maji nayo yana mchezo wake. Samaki aliye sentimita 12 nyuma ya kioo huonekana kana kwamba yuko kwenye 9, na kamera hufokasi pale anapoonekana. Ukiona lenzi inakataa kushika wakati kwa rula umbali unatosha, rudi nyuma kidogo.

Nunua pia kizuia mwanga cha mpira kinachojifunga mbele ya lenzi. Ni cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, na hakuna kinachofuta taswira za sebule kwenye kioo kama hicho, kwa sababu unakigandamiza kwenye kioo chenyewe. Kipime kwa namba iliyo baada ya alama ya ø mbele ya lenzi: 52 kwa Nikon 18-55mm nyingi, 58 kwa Canon nyingi.

Flashi ndiyo inayobadilisha kila kitu

Samaki anayeogelea sentimita 10 kwa sekunde, kwenye picha ya upana wa sentimita 15 na pikseli 6,000, anapita pikseli 4,000 kila sekunde. Kwa kasi ya 1/60 ukungu wake ni pikseli 67. Kwa 1/250 ni 16. Bado magamba hayaonekani. Flashi ikiwa kwenye nguvu ya 1/16, mwako wake ni mfupi kuliko sekunde 1/4000, na ukungu hubaki pikseli moja tu. Hakuna kamera ya bei nafuu inayoweza kufanya hivyo kwa taa ya tangi.

Faida ya pili ni kina cha fokasi. Kwenye upana huo wa sentimita 15, f/2.8 inakupa nusu sentimita iliyo kali: jicho liko wazi, pezi limepotea. F/8 inakupa sentimita moja na nusu, na samaki mzima aliyekaa ubavu anaingia.

Flashi ya kutosha ni ya kupanga kwa mkono, kama Godox TT600, pamoja na triga ya X2T inayolingana na kamera yako. Herufi ya C ni Canon, N ni Nikon. Fedha ikikatika, acha triga. TT600 ina hali ya S1 ya kuitikia mwako mwingine: weka flashi ndogo ya kamera kwenye nguvu ya chini kabisa ya mkono, ikinge kwa kadi nyeusi upande wa kioo ili mwanga wake uende juu tu, na ile kubwa itafyatuka. Usipachike flashi za kamera za filamu za zamani. Baadhi yake hutoa zaidi ya volti 200 kwenye mguu na zinaweza kuua kamera.

Laza flashi juu ya kifuniko cha kioo cha tangi, ikitazama chini, karibu na kioo cha mbele, na karatasi nyeupe au plastiki ya rangi ya maziwa mbele yake kulainisha mwanga. Futa unyevu ulioganda chini ya kifuniko kwanza. Ifunge kwa utepe wa gundi isiteleze: flashi ina umeme mkali ndani hata ikiwa imezimwa, na ikiangukia majini usiingize mkono mpaka umechomoa kila kitu cha tangi ukutani. Tangi lisilo na kifuniko, weka kipande cha kioo kwanza.

Mchanga mweupe chini ya tangi hurudisha mwanga juu na kuangaza tumbo la samaki. Changarawe nyeusi huacha matumbo giza. Hapo pandisha nguvu kidogo au weka kipande cha plastiki nyeupe chini, nje ya picha.

Kukagua kamera iliyotumika

Uwe Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi au kwa jirani, nenda na kadi ya SD, tochi ndogo na karatasi nyeupe. Fanya hivi kwa utaratibu, na muuzaji akikuharakisha ondoka.

1. Toa lenzi, fungua tundu lote, pitisha tochi kutoka nyuma huku ukitazama mbele. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Kwenye miji ya pwani, kuvu ndiyo kasoro ya kwanza kuitafuta. Lenzi yenye kuvu usiichukue hata kwa bei ya bure, kwa kuwa vimelea vyake vinaweza kuhamia lenzi nyingine zikihifadhiwa pamoja.
2. Piga karatasi nyeupe kwa f/16, lenzi ikiwa haijafokasi. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa. Machache husafishwa, mengi hushusha bei.
3. Funika lenzi, piga sekunde 2 kwa ISO 800. Nukta za rangi zinazobaki pale pale katika picha mbili ni pikseli zenye hitilafu.
4. Fyatua mfululizo mara 20. Ujumbe wa Err ni shata au mguso wa lenzi. Badilisha lenzi ujue ni kipi.
5. Uliza idadi ya mifyatuo. Nikon huiandika ndani ya faili ya picha yenyewe, tovuti za kusoma taarifa za picha huionyesha. Canon nyingi huhitaji programu na waya. Nikon walipima shata ya D90 na D3200 kwa mifyatuo 100,000, D7000 kwa 150,000. Chini ya 40,000 ni salama.
6. Pachika flashi juu na ufyatue. Kibao kilichochakaa hakitengenezeki kwa fundi kila kona.
7. Betri iliyovimba, au inayoshuka nusu baada ya picha 50, hesabu bei ya mpya.

Siku ya kupiga

Badilisha maji robo ya tangi siku moja kabla, si siku ile ile. Maji mapya ya bomba huachia viputo vidogo vinavyong'ang'ania kioo na samaki kwa saa nyingi, na kwenye picha huonekana kama chumvi. Kwangua mwani ndani kwa kadi ya plastiki, futa nje kwa kitambaa laini chenye maji tu. Tangi la akriliki lina ngozi nyepesi, litachubuka kwa kitambaa kigumu.

Usiwalishe kabla ya kupiga. Mabaki ya chakula yanaelea na flashi huyafanya nyota. Zima pampu ya hewa kwa muda wa kupiga. Filta pia unaweza kuizima kwa dakika 15 hivi, weka kengele ya simu usisahau kuiwasha. Zima taa za chumba, vaa nguo nyeusi, acha taa ya tangi ikiwaka ili samaki wasishtuke na ili fokasi ishike.

Ukiwa na flashi, anzia hapa: hali ya M, 1/200, f/8, ISO 200, flashi 1/16. Picha ikiwa giza, pandisha flashi hadi 1/8 au ISO 400. Usiguse kasi ya shata kwenda juu, kwa sababu kwenye nyingi ya kamera hizi, kupita 1/200 ukanda mweusi utakata picha chini. Bila flashi: tundu wazi kabisa, 1/125 hadi 1/250, ISO 1600 hadi 3200.

Tazama kioo kwa pembe ya mraba. Ukiinamisha lenzi, kioo na maji hutenganisha rangi na samaki huwa na kingo za zambarau na ukungu. Hii ndiyo sababu ya picha nyingi laini, na watu huilaumu lenzi bure. Tangi la mviringo au bakuli hupinda kila kitu. Hakuna kamera ya kulirekebisha.

Weka nukta moja ya fokasi ya katikati, na fokasi inayomfuata samaki, AF-C kwa Nikon au AI Servo kwa Canon, kisha uelekeze jichoni. Samaki wakiwa na kasi sana, fanya kinyume: fokasi kwa mkono kwenye jani au jiwe wanalopita, kisha subiri. Samaki wa sikilidi, jamii ya hawa wa maziwa yetu, wana njia zao na wanarudi. Tarajia picha nzuri mbili au tatu kati ya 50.

Kwa rangi, tumbukiza kijiko cha plastiki nyeupe kwenye tangi, kipige chini ya mwanga uleule, na ukitumie kuweka kipimo cha weupe wakati wa kurekebisha RAW.

Kasoro na chanzo chake

Michirizi ya giza inayopita picha nzima kutoka upande mmoja hadi mwingine: taa ya LED inapepesa, hasa ikiwa imepunguzwa mwanga. Iweke asilimia 100, au shuka kasi hadi 1/100 au 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde.

Samaki wa njano amegeuka bapa bila magamba: rangi moja imejaa kupita kiasi ingawa picha kwa jumla haijang'aa mno. Punguza flashi hatua moja, mfano kutoka 1/16 hadi 1/32. Tropheus duboisi akiwa bado mdogo, samaki mweusi mwenye nukta nyeupe, ana shida ya kinyume: ukiufuata weusi wake, nukta zinaungua. Pima mwanga kwa nukta zake nyeupe.

Vumbi jeupe kila mahali: flashi inatoka mbele badala ya juu. Duara jeupe katikati: hiyo ni flashi ya kamera imerudi kutoka kwenye kioo. Kichujio cha polaraizi hakikusaidii ukitazama kioo moja kwa moja, kinakula mwanga tu; fedha yake weka kwenye kile kizuia mwanga cha mpira.

Kamera ikirudi kutoka kwenye chumba cha tangi, ambacho mara nyingi kina unyevu kuliko vyumba vingine, usiifungie kwenye mfuko wa ngozi. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti kadhaa za jeli ya silika. Chagua zile zenye vidonge vinavyobadilika rangi, ili ujue lini zimejaa maji na zinahitaji kukaushwa.